Kitabu kimegoma kwenye simu? Kabla hujakonveti, jua kwanza una faili gani

Swali linalorudi kila siku ni hili: nina kitabu kwenye kompyuta, au nimetumiwa WhatsApp, nataka kukisoma kwenye simu, nakikonveti vipi? Na majibu huwa ni jina la programu tu, tumia hii, tumia ile, mtu anaenda kuhangaika, bando linaisha, mwisho kitabu kinatoka sentensi zimekatika katikati na namba za kurasa zimezagaa kila mahali. Mimi naona tatizo linaanzia mapema zaidi. Tunakimbilia kukonveti kabla hatujajua tulichonacho mkononi ni faili la aina gani, wakati mafaili ya vitabu hayafanani kabisa, kuna ambayo hayahitaji kukonvetiwa hata kidogo na kuna ambayo hata uyakonveti mara ngapi hayatakaa sawa mpaka uyafanyie kitu kingine kwanza.

Tuanze na PDF kwasababu ndo tunayotumiana sana. Hii ilitoka kwa Adobe mwaka 1993 na kazi yake ilikuwa moja tu, hati ionekane vilevile kwenye kila kompyuta na itoke vilevile kwenye printa. Kwa hiyo PDF kwa kawaida haijali hii ni aya au ile ni kichwa cha habari, inachojua ni kwamba herufi fulani ikae sehemu fulani ya ukurasa, basi. Sasa karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kioo cha simu nyingi kina upana wa kama sentimita 7, piga hesabu, ukurasa mzima ukiingia kwenye kioo unakuwa theluthi, maandishi ya saizi 12 unayaona kama ya saizi 4. Ndo maana unavuta kwa vidole, unasoma nusu mstari, unasogeza kulia, unarudi kushoto, kurasa tatu tu umeshachoka. Simu yako haina ubovu wowote na programu haina kosa, faili lilitengenezwa kwa ajili ya karatasi.

EPUB, faili lililotengenezwa kwa ajili ya vitabu vya kusomea kwenye kioo, ni kitu tofauti kabisa. Maandishi yake ni kama maji, yanachukua umbo la chombo, ukikuza herufi mistari inajipanga upya, ukilaza simu inajipanga tena. Sababu ni kwamba ndani yake EPUB ni kurasa za wavuti zilizofungwa pamoja. Jaribu mwenyewe, chukua faili la EPUB ambalo halina kufuli la duka, likopi, kwenye ile kopi futa mwisho wa jina .epub andika .zip, halafu lifungue kama unavyofungua zipu yoyote. Utakuta kifaili kidogo kinaitwa mimetype chenye mstari mmoja tu, application/epub+zip, utakuta folda yenye sura za kitabu zikiwa kwenye HTML kama tovuti, picha zake pembeni, na faili linaloishia na .opf ambalo limebeba jina la kitabu, mwandishi, lugha, na mpangilio wa sura zipi zinatangulia. Ukishaliona hilo kwa macho yako mambo mengi yanaeleweka, kwa mfano kwanini riwaya nzima ya maandishi matupu mara nyingi haifiki hata MB 1, na kwanini wakati mwingine ukidaunlodi EPUB inakuja na jina la .zip. Haijaharibika hiyo, irudishie tu jina lake .epub.

Halafu kuna familia ya Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu. MOBI ilitoka kwa kampuni ya Ufaransa inayoitwa Mobipocket, Amazon wakainunua mwaka 2005, Kindle ya kwanza ikatoka 2007 na faili zake za AZW, na miaka iliyofuata zikaja AZW3 na KFX. Ukweli ni kwamba MOBI sasa imezeeka. Huduma ya Amazon ya kutuma hati kwenye Kindle ilianza kupokea EPUB mwaka 2022, mwaka uliofuata ikaacha kupokea MOBI. Kwahiyo maelekezo ya zamani yanayosema konveti kwanza iwe MOBI ndo utume Kindle yameshapitwa na wakati, tuma EPUB moja kwa moja.

Sasa kabla hujagusa kitufe cha kukonveti jiulize, je, nilichokosa ni programu ya kusomea tu? Simu nyingi za Android zinakuja na kitu cha kufungulia PDF lakini EPUB hazina cha kufungulia, mtu akiona ujumbe kwamba hakuna programu ya kufungua faili hili anadhani faili ni bovu. Weka ReadEra, inasoma EPUB, PDF, MOBI, Word, hata TXT, haina matangazo, na ukishaiweka unasoma bila intaneti. Moon+ Reader nayo ni nzuri kwa anayependa kuchezea fonti na rangi. Mwenye iPhone ana Apple Books tayari, inapokea EPUB na PDF. Google Play Books pia inakuruhusu kupandisha EPUB na PDF zako mwenyewe, faida yake ukibadilisha simu vitabu unavikuta, hasara yake kupandisha na kushusha kunakula bando. Kwa watu wengi safari inaishia hapa, hakuna kukonveti kokote.

Kazi inabaki kwa wenye PDF, na PDF nazo ni mbili. Fungua kitabu, shikilia kidole juu ya neno moja. Likijichagua neno peke yake, humo kuna maandishi kweli. Usipoweza kuchagua chochote, au ukachagua ukurasa mzima kama picha, ujue hicho ni kitabu kilichopigwa picha au kuskaniwa ukurasa kwa ukurasa, hakina herufi hata moja ndani, ni picha tupu. Kingine kinachokuambia ni uzito, kitabu cha kurasa 200 chenye MB 60 karibu lazima kiwe picha. Hiki ukikipeleka kwenye programu ya kukonveti utatoa EPUB yenye picha zilezile, umezunguka bure.

Kwa PDF yenye maandishi chombo ninachokiamini ni Calibre. Ni programu ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, aliianzisha Kovid Goyal mwaka 2006 ili aweze kutumia kifaa chake cha Sony cha kusomea vitabu kwenye Linux, na mpaka leo inaendelea kuboreshwa. Unaburuta kitabu ndani, unakichagua, unabonyeza Convert books, juu kulia unachagua EPUB, unabonyeza OK. Kwa faili la Word inatoka safi kabisa, ili mradi liwe .docx maana .doc ya zamani haiipokei, ifungue kwenye Word uisevu upya kwanza. Na kama aliyeandika alitumia mitindo ya vichwa vya habari ya Word badala ya kukoleza tu maandishi, sura zote zinajitokeza kwenye yaliyomo zenyewe.

PDF ndo hainyooki hivyo, na wenyewe waliotengeneza Calibre wanasema wazi kwenye mwongozo wao kwamba PDF ni moja ya fomati mbaya kuliko zote za kukonveti kutoka. Angalia kinachotokea. Kwenye kitabu juu ya kila ukurasa pameandikwa jina la sura na namba, ukisoma kwenye karatasi jicho linaruka tu hulioni. Lakini programu haijui kwamba ile ni pambo la ukurasa, inasoma kila kitu kwa mfululizo, unapata sentensi kama hii: Mzee akainuka akachukua 47 SURA YA TATU fimbo yake akatoka nje. Na hiyo inajirudia kila ukurasa mpaka mwisho wa kitabu. Dawa yake ipo kwenye dirisha lilelile la kukonveti, sehemu ya Search & replace, pale unaiambia itafute namba yoyote inayofuatwa na maneno SURA YA TATU ibadilishe kwa kuacha wazi, namba yoyote inaandikwa \d+ yaani tarakimu moja au zaidi. Pembeni kuna kitufe cha msaidizi kinachokuonyesha maandishi ya kitabu pamoja na alama zake za HTML, tumia hicho, kopi kilivyo pale pale, kwasababu mara nyingi katikati ya namba na kichwa kuna alama ambayo kwa macho ya kawaida huioni.

Tatizo la pili ni mistari. PDF inakata mstari pale karatasi ilipoishia, sasa Calibre inabidi ikisie, hapa mstari umeisha kwasababu aya imeisha au kwasababu karatasi imeisha? Inatumia urefu wa mistari kukisia, kuna namba kwenye mipangilio ya PDF ambayo mwanzo inakuwa 0.45, ukiona EPUB imetoka na mistari mifupi mifupi iliyokatika katikati ya sentensi ishushe kidogo, ukiona aya tofauti zimegandana ipandishe. Fanya kwa hatua ndogo, fungua uangalie, rudia. Na yale maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari kwa kistari, wana- huku na nchi kule, washa Heuristic processing. Hapa kuna kitu ambacho kwa sisi ni neema, ile sehemu ya kuondoa vistari haitegemei kamusi ya Kiingereza, inatumia kitabu chenyewe kama kamusi, ikiona mahali pengine pameandikwa wananchi bila kistari inajua hili nalo liunganishwe. Kiswahili chetu chenye vitenzi virefu kama hawakutuelekeza kinakatwa sana mwisho wa mstari, kwahiyo msaada huo ni mkubwa.

Lakini kuna vitabu ambavyo nakuomba usivipitishe huko, na vya kwanza ni vya ushairi. Utenzi au shairi linaishi kwa mishororo yake, kwenye mashairi mengi mshororo una vipande, kuna vina vya kati na vina vya mwisho, na mara nyingi kwenye kitabu kipande cha kwanza kimetenganishwa na cha pili kwa nafasi. Programu inayounganisha mistari inaona mistari mifupi, inaweza kuiunganisha yote iwe aya moja, ubeti wa mishororo minne unakuwa sentensi ndefu isiyo na kichwa wala miguu, na pale palipokuwa na nafasi katikati vipande vinaweza hata kuchanganyika, ukwapi wote, yaani vipande vya kwanza, ukasomwa kwanza halafu utao, vile vya pili, ukafuata chini. Huo sio usomaji tena. Kama unautaka sana utenzi huo kwenye EPUB, kopi maandishi yake uyapeleke kwenye Word, pitia ubeti kwa ubeti, ndani ya ubeti shuka mstari kwa Shift na Enter, kati ya ubeti na ubeti bonyeza Enter ya kawaida, halafu ndo ukonveti hiyo docx. Ni kazi ya mkono na inachosha ila matokeo yake yanapendeza. Vitabu vya hesabu, vyenye majedwali, na hadithi za watoto zenye picha ukurasa mzima, hivi navyo viache kwenye PDF, laza simu usome hivyohivyo au vitafutie tableti.

Kwa wenye vitabu vya picha, vile vilivyoskaniwa, njia ni mbili. Ya kwanza haihitaji kompyuta na watu wengi hawaijui, ni programu ya KOReader, ni ya bure. Ukifungua PDF humo ukawasha upangaji upya wa maandishi, inaukata ule ukurasa wa picha neno kwa neno na kuyapanga maneno upya yaenee kwenye kioo chako, hata kama hakuna herufi halisi ndani. Sura yake mwanzoni inaonekana ngumu, menyu unaipata kwa kugusa juu ya kioo, lakini kwa kitabu cha zamani kilichoskaniwa vizuri inaokoa macho. Njia ya pili ni kuisomesha picha igeuke maandishi, kazi inayofanywa na programu kama Tesseract, nayo ni ya bure na ina data ya Kiswahili, jina lake swa. Hapo ndo watu wanapokosea, wanaiacha kwenye Kiingereza. Programu hizi zikibabaika kwenye herufi zinaegemea maneno ya lugha uliyoichagua, ukiwa umechagua Kiingereza inavuta maneno yetu yafanane na ya huko, ukichagua Kiswahili makosa yanapungua. Yatabaki tu, l itasomwa 1, rn itasomwa m, ng'ombe atapoteza alama yake, kwahiyo tenga muda wa kupitia. Ukiwa huna pa kuweka Tesseract, pandisha PDF kwenye Google Drive kupitia kompyuta, ifungue kwa Google Docs, itajaribu kuyasoma maandishi, ila igawe vipande vidogo maana faili zito inalishindwa, na kutoka hapohapo Google Docs inaweza kukutolea EPUB.

Tovuti za kukonveti bure zipo nyingi na zinafanya kazi, lakini kumbuka unapandisha faili lako kwenye seva ya mtu usiyemjua. Riwaya ya zamani haina neno. Tasnifu yako ambayo haijatetewa, muswada wa kitabu chako, hati ya kazini, hapana, vikonveti kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Kuhamisha sasa. WhatsApp inatosha kabisa, tuma kama hati, inapokea mpaka GB 2, ila watu wakishatumiwa hawajui faili limeenda wapi. Kwenye Android za siku hizi fungua hifadhi ya ndani, ingia Android, halafu media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Documents, limo humo. Nakushauri ulihamishie kwenye folda yako, iite Vitabu, kwasababu siku unapunguza uzito wa WhatsApp vitabu vitaenda na zile video. Kwa waya, chomeka simu kwenye kompyuta, vuta menyu ya juu, ile arifa inayosema inachaji tu iguse, chagua kuhamisha mafaili, hapo kompyuta itaiona simu. Kama bado haiioni badilisha waya kwanza kabla hujalaumu simu, kuna waya zinazopitisha chaji tu bila data na zimejaa mitaani. Bluetooth inafaa kwa EPUB maana ni nyepesi, japo simu nyingine hasa za zamani zinakataa kupokea faili zisilolijua, ibadilishe jina iwe .zip, itume, ikifika irudishie .epub.

Njia ninayoipenda kuliko zote haitumii waya wala bando. Calibre ina seva ndani yake. Washa hotspoti ya simu, zima data kama simu yako inaruhusu, unganisha kompyuta kwenye hotspoti hiyo, kwenye Calibre bonyeza Connect/share uanzishe Content server, Windows ikiuliza kama iruhusu mawasiliano kubali. Itakuonyesha anwani ya namba inayoishia na :8080, iandike kwenye kivinjari cha simu na maktaba yako yote inafunguka pale, unagusa kitabu, unakidaunlodi, ni sekunde chache. Nyumba yenye watoto watatu kila mmoja na simu yake, wote wanaweza kuchukua kutoka kompyuta moja.

Sasa kuna kufuli. Ukinunua kitabu kwenye baadhi ya maduka ya mtandaoni faili linafungwa lisomeke kwa akaunti yako tu, hilo Calibre haitalikonveti na itakwambia hivyo. Kuna pia wanaolalamika kwamba wamenunua kitabu wamepata faili la KB chache lisilofunguka, ukiangalia mwisho wa jina limeandikwa .acsm. Hicho sio kitabu, ni tiketi ya kuchukulia kitabu, inafunguliwa na Adobe Digital Editions au programu nyingine inayotambua kufuli la Adobe, ndo kitabu chenyewe kinashuka. Na tangu Februari 2025 Amazon waliondoa ile njia ya kudaunlodi kitabu cha Kindle kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya, kwahiyo vya kwao soma kwenye programu yao ya simu.

Na hili nalisema kwa uchungu. Kukonveti kitabu chako ukisome kwenye simu yako ni jambo moja, kukonveti kitabu cha mwandishi wetu aliye hai na kukimwaga kwenye magrupu ya WhatsApp ni jambo lingine. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini hata ukiacha sheria, wachapishaji wa Kiswahili sio wengi na vitabu vyao havitoki nakala nyingi, kila grupu linalopitisha PDF ya riwaya mpya linamwambia mwandishi asiandike nyingine. Vya bure vya halali vipo, Project Gutenberg iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971 ina vitabu zaidi ya 70,000, vingi vya Kiingereza, na vinakuja kwenye EPUB tayari, na kwa watoto African Storybook wana hadithi za Kiswahili ambazo waandishi wenyewe wameziruhusu zisambazwe.

Kitu cha mwisho ni kidogo lakini karibu kila EPUB ya Kiswahili niliyoifungua ina kasoro hiyo, sehemu ya lugha imeandikwa Kiingereza au imeachwa tupu. Programu nyingi huangalia pale zinapokata maneno mwisho wa mstari, na baadhi huangalia pale zikitaka kukusomea kwa sauti, ndo maana unasikia mashine inakisoma Kiswahili kama mtalii aliyeshuka jana. Kwenye Calibre chagua kitabu, bonyeza Edit metadata, kwenye lugha weka Swahili. Kwenye simu nenda kwenye setingi za kusoma maandishi kwa sauti, injini ya Google ina sauti ya Kiswahili, idaunlodi mara moja uwe nayo. Ila jihadhari, mabadiliko hayo Calibre inayaandika ndani ya kitabu pale unapokitoa kwa Save to disk au kupitia ile seva yake, ukikopi faili moja kwa moja kutoka kwenye folda ya Calibre simu itaendelea kuiona lugha ya zamani.